Tukifunga Mlango wa Zebaki

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mwalimu mstaafu wa kemia, katika mkutano wa mwaka uliofanyika kwenye bwalo la shule.



 Najua kwamba kati yenu na chakula cha mchana imesimama hotuba hii peke yake, na bwalo hili lina desturi ya tangu zamani ya kutowavumilia wasemaji wanaozidisha muda. Kwa hiyo nitasema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni zebaki.

Nitaeleza zebaki ni kitu gani, imewatenda nini watu wa nchi nyingine, na inafanya nini katika machimbo yetu ya dhahabu. Kisha nitalikabili swali ambalo kila nchi yenye wachimbaji wadogo haina budi kulijibu: je, tutunge sheria ya kupiga marufuku kabisa uingizaji wa zebaki? Jibu langu nalitoa mapema, asije mtu akasinzia kabla hajalisikia. Ndiyo, tufunge mlango huo. Lakini sheria itakayofunga mlango bila kumwonyesha mchimbaji njia nyingine ya kuipata dhahabu yake haitaiondoa zebaki. Itaificha tu.

ZEBAKI NI KITU GANI

Wanafunzi mnaijua zebaki kama ile fedha inayopanda na kushuka ndani ya kipimajoto. Ni metali, lakini haikai kama chuma wala shaba. Katika joto la kawaida ni kiowevu. Huganda baridi ikishuka hadi nyuzi 39 chini ya sifuri, na huchemka kwenye nyuzi 357. Ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Shikeni hesabu hiyo, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye forodha: chupa ya lita moja ikijazwa zebaki ina uzito wa zaidi ya kilo 13.

Kipimajoto kikivunjika maabara, matone yake hukimbia juu ya meza, hugawanyika na kuungana tena, na hakuna kijana ambaye hatamani kuyagusa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu zebaki haiumi wala haichomi. Huanza kutoa mvuke hata kabla ya kuchemshwa, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu akimeza tone la zebaki, kiasi kidogo sana huingia mwilini. Lakini akivuta mvuke wake, sehemu kubwa, yapata asilimia 80, hupenya kwenye mapafu na kuingia katika damu. Na kutoka katika damu hufika kwenye ubongo na figo. Dalili zake huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kumbukumbu kupungua, mtu mpole kuwa mkali bila sababu. Nyumbani husema amebadilika. Wengine husema amerogwa.

Jambo la pili ni hili. Zebaki ni elementi. Sumu nyingi huoza au huvunjika kwa jua, kwa vijidudu au kwa moto. Elementi haivunjiki. Zebaki iliyoingia nchini haitoki kwa kuteketezwa. Hubadilisha sura tu: leo iko katika chupa, kesho iko hewani, keshokutwa iko katika tope la mto. Humo katika tope, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo ni kali kuliko zote. Hiyo huingia katika viumbe vidogo vya majini, vikaliwa na samaki wadogo, nao wakaliwa na samaki wakubwa, na kila hatua huongeza kiasi chake. Mwisho wa safari hiyo ni sahani ya mtu.

YALIYOWAPATA WENZETU

Ndugu zangu, haya si ya kubuni. Yametokea.

Katika mji wa Minamata, kusini mwa Japani, kampuni ya Chisso ilikuwa na kiwanda kilichotengeneza asetaldehaidi kwa kutumia zebaki kuanzia mwaka 1932. Maji machafu ya kiwanda yalimwagwa baharini. Wavuvi walianza kuona paka wakirukaruka kama wenye wazimu, kisha wakifa. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kampuni ile iliarifu ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa usiojulikana unaowashika watu. Watoto walishindwa kutembea, kusema na kumeza. Wapo akina mama walioonekana wazima au wenye dalili ndogo, lakini wakazaa watoto walioathirika vibaya, kwa kuwa sumu ile hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Mkuu wa hospitali ile, Dk. Hosokawa Hajime, alifanya majaribio yake mwenyewe. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka akaugua ugonjwa ule ule. Kampuni haikuruhusu matokeo yale yatangazwe. Kiwanda kiliendelea kutumia njia ile hadi Mei 1968, na serikali ya Japani ilitamka rasmi chanzo cha ugonjwa mwezi Septemba mwaka huo, yaani baada ya kiwanda kuwa kimekwisha acha. Kuanzia taarifa ya kwanza hadi tamko lile ilipita miaka 12. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi ni zaidi ya 2,200, na wengine wengi waliendelea kudai haki zao mahakamani kwa miaka mingi baadaye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Pale Minamata walioficha ni wengine, na walioumbuliwa ni wengine.

Mfano wa pili ni wa Iraki, nao unatugusa sisi tunaoagiza vitu kutoka nje. Mwaka 1971, baada ya ukame, Iraki iliagiza makumi ya maelfu ya tani za mbegu za ngano na shayiri. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya kuua ukungu yenye zebaki ya methili. Zilitiwa rangi nyekundu, na magunia yaliandikwa maonyo. Lakini maonyo yale yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, wakati wakulima walisema Kiarabu na Kikurdi. Isitoshe, mbegu zilifika wakati wengi wamekwisha panda. Watu wana njaa, na gunia la ngano limo ndani. Wengine waliziosha mpaka rangi ikatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Wengine waliwalisha kuku kwanza, wakaona hawafi upesi, wakasaga unga na kuoka mikate. Dalili zilichelewa kwa majuma kadhaa. Zilipokuja, zaidi ya watu 6,000 walilazwa hospitalini, na kwa hesabu rasmi 459 walifia humo.

Nawaomba vijana myatie mafunzo haya mawili akilini. Minamata inatufundisha kwamba anayejua akinyamaza, watu hufa. Iraki inatufundisha kwamba onyo lisilosomeka si onyo. Sheria nzuri iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mchimbaji ni kama gunia lile la ngano.

ZEBAKI KATIKA MACHIMBO

Sasa tuje kwetu. Katika Afrika Mashariki, mahali zebaki inapotumika kwa wingi ni katika uchimbaji mdogo wa dhahabu: Geita, Kahama, Chunya na kwingineko Tanzania, na Migori ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Duniani kote hali ni hiyo hiyo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilitoa hewani tani zipatazo 2,220 za zebaki, na karibu asilimia 38 ilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wamewazidi wanaochoma makaa ya mawe.

Kwa wasiopata kufika machimboni, kazi huenda hivi. Mawe yenye dhahabu hutolewa shimoni na kusagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga huo hupelekwa kwenye mwalo, ukaoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa magunia au mazulia, ili chembe nzito zibaki. Zile zinazobaki hutiwa katika beseni pamoja na zebaki, zikakandwa kwa mkono. Zebaki hushika dhahabu kama sumaku inavyoshika misumari, lakini mchanga huuacha. Kisha mchanganyiko hukamuliwa katika kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho huwekwa juu ya moto wa mkaa. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu hubaki.

Hapo, juu ya ule moto, ndipo penye madhara makubwa kuliko yote. Anayechoma huuvuta mvuke, naye aliyesimama karibu kadhalika. Mara nyingi moto huo huwa uani, au jikoni, karibu na sufuria la uji wa mtoto. Mchuma janga hula na wa kwao.

Baadaye mchanga uliobaki, ambao wachimbaji huuita marudio, huuzwa kwa mwenye matangi ya sianidi ili atoe dhahabu iliyosalia. Mchanga ule bado una zebaki. Sianidi huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na ikivuja, husafiri kwa wepesi zaidi kuelekea mitoni.

Sitaki niwatie hofu isiyo na msingi. Vipimo vingi vilivyochukuliwa kwa samaki wa Ziwa Victoria vimeonyesha zebaki kidogo, chini ya kiwango kinachokatazwa kwa chakula. Tuendelee kula sangara na sato. Lakini nani kati yetu angependa tungoje mpaka vipimo vibadilike? Watu wa Minamata nao walikuwa na samaki wazuri. Sehemu ya ghuba yao ililazimika kufukiwa, na wavu uliowekwa kuzuia samaki wenye sumu wasitoke haukuondolewa mpaka mwaka 1997. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna pia zebaki inayoingia kwa njia ya urembo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi hutiwa chumvi za zebaki, ambazo huzuia ngozi isitengeneze rangi yake na huku zikiharibu figo. Ukiona chupa imeandikwa iepushwe na vito vya dhahabu au fedha, jiulize sababu. Ni ile ile ya kwenye beseni la mchimbaji: zebaki hushika dhahabu. Waambieni dada zenu. Na nyinyi wavulana, acheni kuwasifu wasichana kwa weupe.

SHERIA ZA WENZETU

Je, wengine wamefanya nini kwa sheria? Hapa nitakwenda taratibu, kwa kuwa mafunzo ni mengi.

Kwa miaka mingi viwanda vya klorini vya Ulaya na Marekani vilitumia zebaki kwa wingi. Vilipoanza kufungwa au kubadili mitambo, vilibakiwa na shehena kubwa ya zebaki isiyo na kazi. Ilikuwa rahisi kuiuza nje, na wanunuzi walikuwa tayari: machimbo ya dhahabu ya nchi maskini. Ulaya ilitunga sheria mwaka 2008 ya kuzuia zebaki isiuzwe nje, nayo ikaanza kutumika Machi 2011. Marekani nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2008, ikaanza kutumika Januari 2013. Aliyepeleka muswada ule katika Baraza la Seneti alikuwa Seneta wa Illinois, Barack Obama, kabla hajawa Rais. Huyu ni mtu mwenye asili ya pande za Ziwa Victoria, jirani na machimbo ninayoyasema. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka: si haki kusafisha uwanja wako kwa kumwagia taka jirani.

Oktoba 2013 mataifa yalikutana Kumamoto, mkoa ule ule wenye mji wa Minamata, yakapitisha Mkataba wa Minamata. Ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Mkataba unakataza migodi mipya ya zebaki. Unataka nchi inayouza ipate kwanza idhini ya maandishi ya nchi inayonunua. Unataka nchi yenye wachimbaji wadogo wengi iwe na mpango wa taifa wa kupunguza zebaki na, pale inapowezekana, kuikomesha. Na mpango huo uondoe mambo manne mabaya kuliko yote: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa badala ya kwenye chembe nzito tu. Kuchoma kidonge mahali pa wazi. Kuchoma katika makazi ya watu. Na kutia sianidi katika marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa.

Idhini ya maandishi, ndugu zangu, ni ufunguo. Mwenye ufunguo anaweza kukataa kufungua. Tanzania tangu mwaka 2003 ina sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo nchi haianzi mikono mitupu. Kinachojadiliwa ni hatua ya mbele zaidi: kutoka katika kudhibiti mpaka kukataza.

Sasa sikilizeni yaliyotokea baada ya milango kufungwa. Bei ya zebaki ilipanda. Bei ilipopanda, watu wa Mexico waliongeza uchimbaji wa zebaki yenyewe. Indonesia, katika kisiwa cha Seram, watu walivamia milima yenye mawe mekundu ya sinabari, wakawa wanatengeneza wenyewe zebaki waliyokuwa wakiinunua. Kolombia ilipitisha sheria mwaka 2013 ikatoa miaka mitano. Kuanzia mwaka 2018 zebaki ikawa haramu katika machimbo yake yote. Ni sheria nzuri, lakini zebaki ya magendo iliendelea kupenya. Peru nayo ilipobana, uingizaji wa zebaki katika nchi jirani ya Bolivia uliongezeka mara nyingi, na nyingine ikarudi Peru kwa njia za panya.

Je, tuseme basi kwamba sheria hazina maana? Hasha. Kuna waliosema hivyo juu ya kila sheria tangu dunia iumbwe. Zebaki inayopita kwa siri ni ghali, na mtu hutumia kwa uangalifu kitu cha ghali. Tena pasipo sheria, mwenye duka huiuza zebaki kama anavyouza sukari, na hakuna awezaye kumuuliza. Lakini tukubali kwamba mlango mmoja hautoshi ikiwa nyumba ina madirisha. Chupa ya chuma inayotumika katika biashara ya zebaki hubeba kilo 34.5, nayo ni kama lita mbili na nusu tu. Hupita chini ya kiti cha basi. Forodha gani itakayozikamata zote?

SHERIA YETU IWE NA NINI

Kwa maoni yangu, sheria ya kukataza uingizaji wa zebaki ni lazima ibebe mambo manne.

Kwanza, iwe ya jirani wote. Tanzania ikifunga na Kenya ikaacha wazi, au kinyume chake, yatatupata ya Peru na Bolivia. Mipaka yetu tunaijua. Ng'ombe huivuka bila pasipoti. Jambo hili lizungumzwe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe ya kufunga iwe moja.

Pili, itoe muda unaojulikana, na ndani ya muda huo watu wafundishwe. Chombo cha kwanza ni retoti. Hiki ni chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba la kupoozea. Kidonge huwekwa ndani, moto huwa nje, mvuke hupita katika bomba, hupoa, na zebaki hurudi kuwa kiowevu. Retoti nzuri huokoa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, na inaweza kuundwa kwa viungo vya kawaida vya mabomba ya maji. Mbona basi wengi hawaitumii? Wachimbaji wana sababu, na si wajinga. Retoti hukawia. Dhahabu hutoka na rangi ya udongo, mnunuzi akaikosoa. Na kubwa kuliko zote, dhahabu haionekani ikiwa ndani ya chuma. Watu watano wenye hisa katika kidonge kimoja wanataka kukiona kwa macho yao mpaka mwisho. Anayefundisha retoti bila kulijibu swali la uaminifu anapoteza pumzi yake.

Iko pia njia isiyotumia zebaki hata kidogo. Wachimbaji wa kaskazini mwa Ufilipino wametumia boraksi kwa zaidi ya miaka 30. Huosha unga wao kwa ustadi mpaka zibaki chembe nzito kabisa, kisha huchanganya na boraksi na kuyeyusha. Boraksi hushusha joto la kuyeyukia na kubeba takataka, dhahabu ikakaa chini. Njia hii imejaribiwa Tanzania pia. Haifai kwa kila aina ya mawe, lakini pale inapofaa, mchimbaji hanunui zebaki wala havuti mvuke.

Tatu, sheria iguse deni. Hili nawaomba mlifikirie sana. Machimboni zebaki mara nyingi haiuzwi kwa fedha taslimu. Hutolewa na mnunuzi wa dhahabu kwa mkopo, pamoja na chakula na dizeli, kwa sharti kwamba dhahabu itauzwa kwake kwa bei aitakayo yeye. Mchimbaji hashikwi na zebaki peke yake; ameshikwa na aliyempa. Ukimnyang'anya chupa bila kumfungua kamba, atatafuta chupa nyingine usiku. Hapa Tanzania ilipiga hatua nzuri mwaka 2019 ilipowaondolea wachimbaji wadogo baadhi ya kodi na kufungua masoko ya madini, la kwanza likiwa la Geita. Mchimbaji anayeuza mahali pa wazi, penye mizani inayoaminika na bei inayotangazwa, ana nguvu ya kusema hapana. Tuongeze mikopo ya vikundi ya kununulia vifaa safi. Dawa ya deni ni kulipa, lakini lazima mtu awe na cha kulipia.

Nne, adhabu imwangukie anayestahili. Sheria nyingi za namna hii huanza kwa kumkamata kijana mwenye kijichupa mfukoni, na kumwacha mwenye ghala. Faini na kifungo viwe vizito kwa mwingizaji na msambazaji. Mchimbaji atakayeisalimisha zebaki yake kabla ya tarehe asiulizwe aliipata wapi. Na iwepo sehemu salama ya kuihifadhi hiyo iliyosalimishwa, kwa maana nimekwisha sema kwamba haichomeki ikaisha. Sheria isiyosema zebaki iliyokamatwa itawekwa wapi imeandikwa nusu.

Najua kuna swali midomoni mwenu: kwa nini tusiwakataze hawa wachimbaji wadogo, tukabaki na migodi mikubwa? Ndugu zangu, duniani watu kati ya milioni 10 na milioni 20 wanaishi kwa uchimbaji huu. Hapa kwetu wamo waliosoma nasi. Wamo waliolipa ada za watoto wao katika shule kama hii kwa dhahabu ya beseni. Kuwafukuza si sheria ya afya. Tunataka mchimbaji arudi nyumbani na dhahabu yake, na mikono isiyotetemeka.

KAZI YA SHULE HII

Namaliza kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, maana si vizuri kuliachia Bunge kila kitu.

La kwanza, tuanze na maabara yetu. Napendekeza chama chetu kinunue vipimajoto vya spiriti kuchukua nafasi ya vile vya zebaki, na vile vya zamani, pamoja na chupa yoyote ya zebaki iliyobaki kabatini, vikabidhiwe kwa utaratibu kwa ofisi ya Mkemia Mkuu. Visitupwe shimoni, wala asipewe mtu yeyote kwa kuuza. Hatuwezi kuwahubiria wa Geita huku kabati letu limefungwa.

La pili, nawataka wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waandike kwa Kiswahili chepesi maelezo ya ukurasa mmoja juu ya hatari ya kuchoma kidonge ndani ya nyumba, yenye michoro, ili wenzetu walioko kanda ya ziwa na Chunya wakayabandike kwenye mialo. Walimu wa Kiswahili na wa kemia wakae pamoja kuyasahihisha. Kumbukeni magunia ya Iraki.

La tatu, wenye karakana na walimu wa ufundi waunde retoti moja ya kuonyesha. Isijaribiwe hapa shuleni kwa zebaki. Itoshe kuonyesha inavyofungwa na inavyopoozwa. Kijana akiondoka hapa anajua kuiunda, atakuwa amebeba kitu chenye thamani kuliko cheti peke yake.

Na la mwisho ni kwenu nyote vijana. Kesho mmoja wenu atakuwa ofisa wa forodha, mwingine mwanasheria wa kuandika miswada, mwingine daktari wa kampuni, kama alivyokuwa Dk. Hosokawa. Siku itafika atakapowekewa karatasi mezani, ajue kwamba ndani yake mna madhara, na aambiwe anyamaze. Shule haiwezi kumfuata mpaka huko. Kinachoweza kumfuata ni yale aliyofundishwa hapa. Nawaombeni siku hiyo mseme, tena mseme kwa lugha ambayo anayeumia ataielewa.